Erie si Tanganyika: jibu kwa mama anayetaka kupeleka watoto Presque Isle

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni familia ya watu wanane, tumetoka Fizi, tukapitia kambi ya Nyarugusu, na sasa tuko mjini Erie, jimbo la Pennsylvania, mwaka wa pili. Watoto wanasikia shuleni habari za Presque Isle, kwenye fukwe za Ziwa Erie hapa mjini, na kila Jumamosi wananisumbua. Mimi nimekulia kando ya Tanganyika, maji siyaogopi, ila naambiwa hiyo ni hifadhi ya serikali. Tunaruhusiwa kuingia? Ni pesa ngapi? Watoto wataogelea? Baba yao anaweza kuvua, na sisi wa kanisani kuchoma nyama? Tena mchungaji anauliza kama anaweza kubatiza humo.

Jibu: Marahaba mama. Nianze na lililo jepesi, pesa. Kuingia Presque Isle ni bure, na kuegesha gari ni bure. Pennsylvania ina hifadhi za jimbo zaidi ya 120 na hakuna hata moja inayotoza kiingilio. Hakuna mtu mlangoni wa kukuuliza karatasi. Unashika Peninsula Drive, unapita jengo lenye mnara wa vioo, barabara inaingia kwenye miti, na hapo umeshafika.

Najua neno “hifadhi” ndilo lililokutia wasiwasi. Mimi ni wa Kigoma. Kwetu hifadhi ni Gombe au Mahale: unalipa ada, unapewa mtu wa kukuongoza, na mwanakijiji jirani akionekana na shoka ana maelezo ya kutoa. Anayelindwa ni mnyama, na mtu ndiye anayechungwa. Hifadhi ya jimbo ya Marekani inalinda mimea na ndege pia, lakini imewekwa ili watu waingie, waoge, watembee, wale, warudi nyumbani. Presque Isle imekuwa hifadhi ya jimbo tangu 1921, na katika mwaka mmoja hupokea watu kwa mamilioni. Askari utakaowaona na sare zao kazi yao ni kuangalia mwendo wa magari, watoto waliopotea, na chupa za pombe, kwa sababu pombe hairuhusiwi katika hifadhi za jimbo hili. Ukiwa na swali, wasogelee uwaulize.

Kwa hiyo ruhusa unayo. Neno moja tu katika barua yako ndilo lililonifanya niandike kirefu hivi: “maji siyaogopi”. Nimefundisha watu kuogelea miaka mingi, na watu walionitia hofu kuliko wote ni sisi tuliokulia kando ya maziwa makubwa. Tunaingia Ziwa Erie na ujuzi wa Tanganyika kichwani, na ujuzi huo una sehemu mbili tatu ambazo huku hazifanyi kazi.

Tazama kwanza mahali penyewe palivyo. Presque Isle ni rasi ya mchanga, urefu wake kama kilomita 11, imejipinda mithili ya mkono uliokumbatia mtoto. Jina ni la Kifaransa, maana yake “karibu kuwa kisiwa”, na wenyeji hulitamka kama “presk ail”. Nje ya mkono huo ni ziwa wazi, ambako ziko fukwe za kuogea. Ndani ya mkono ni ghuba iliyotulia, na mji wa Erie uko ng'ambo yake. Katikati kuna vidimbwi na mifereji yenye mayungiyungi, ambako mtu hukodi kayaki akapiga kasia asipate wimbi hata moja. Ukishaielewa picha hiyo umeshaelewa nusu ya jibu langu: nje na ndani ni maji mawili tofauti, hata siku ile ile, saa ile ile.

Mchanga wa rasi hii hautulii. Mawimbi huuchukua upande wa magharibi na kuusukuma mashariki, hivi kwamba shingo ya rasi hupungua na ncha yake huongezeka. Katika karne ya 19 dhoruba ziliikata shingo hiyo zaidi ya mara moja, rasi ikawa kisiwa kweli. Ili kupunguza hasara, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kilijenga kuta 55 za mawe mbele ya fukwe, kazi iliyokamilika 1992, na bado mchanga huongezwa kwa malori. Kuta hizo utaziona kama visiwa vidogo vya mawe, makumi kadhaa ya mita kutoka ufukweni, na kila kijana mwenye nguvu atataka kuogelea mpaka pale akapande juu. Mkataze. Maji yanayosukumwa na mawimbi ndani ya ukuta lazima yatafute pa kutokea, na yanatokea kwenye mapengo kati ya ukuta na ukuta. Huo ni mkondo, na hauonekani kwa juu.

Sasa tulinganishe ziwa na ziwa. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Erie, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zaidi ya 25,000, kina chake cha juu kabisa ni mita 64, na kwa wastani ni mita 19 tu. Mtu husikia hivyo akacheka: kumbe ni dimbwi! Lakini ufupi huo wa kina ndio ubaya wake. Upepo ukivuma juu ya maji haba, wimbi halipati nafasi ya kurefuka. Linainuka wima, fupi, na lingine liko nyuma yake kabla hujapumua. Tanganyika lina mawimbi makubwa, hilo hatubishani, ila mara nyingi mvuvi huona upepo unavyokuja. Erie hubadilika kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni.

Upepo wenyewe usomwe kinyume na tulivyozoea. Fukwe za nje zinatazama kaskazini na magharibi. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma, ziwa linatoa povu na kila mtu anaona hatari. Upepo wa kusini ndio unaodanganya. Unatoka nchi kavu, unalaza maji ya karibu yakawa kama kioo, na mama anasema leo pazuri. Mtoto yuko juu ya boya la kupuliza la umbo la bata, lile la dukani la bei poa. Upepo unamsukuma taratibu, bila wimbi, bila kelele, kuelekea Kanada. Anapogundua kuwa hagusi chini, yuko mbali. Maboya hayo ya kuchezea yaacheni nyumbani. Mtoto asiyejua kuogelea avalishwe jaketi okozi lenye muhuri wa walinzi wa pwani wa Marekani, la saizi yake, lililofungwa kifuani. La kaka yake mkubwa litampanda usoni.

Halafu kuna baridi. Tanganyika kwa juu lina joto lile lile karibu mwaka mzima, nyuzi 24 hadi 28. Erie huganda. Barafu huondoka, jua la Mei linapasha hewa mpaka nyuzi 25, watu wanavua makoti, nawe unaamini majira ya joto yamefika. Maji bado yako karibu nyuzi 10. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwa kuruka, kama tulivyozoea kule Kigoma. Kifua kilijifunga. Nilivuta pumzi bila kutaka, mara tatu, nne, na kama kichwa kingekuwa chini ya maji wakati huo, ningevuta maji. Nilikuwa mita mbili kutoka ngazi na nikashindwa kuifikia mara moja, mimi mwalimu wa kuogelea. Ikimtokea mtu, asipigane. Alale chali, aelee, angoje kifua kifunguke. Huchukua kama dakika moja, ndipo aogelee. Sheria ya Pennsylvania inaijua hatari hii: kuanzia 1 Novemba hadi 30 Aprili, kila aliye kwenye kayaki, mtumbwi au boti ndogo lazima awe amevaa jaketi okozi, hata awe bingwa. Mtoto wa miaka 12 na chini yake huvaa mwaka mzima kwenye vyombo hivyo.

Faida nazo zipo. Hakuna mamba. Hakuna kiboko. Hakuna kichocho, kuna vijidudu jamaa ya kichocho vinavyoishi kwa ndege wa majini, ambavyo wakati mwingine humwasha muogaji ngozi siku mbili tatu, lakini mwilini mwa mtu haviishi. Ukitoka majini, oga na jifute vizuri kwa taulo, basi. Kuna mambo mawili tu ya kuangalia katika usafi wa maji. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa mji huingia ziwani, na fukwe zinaweza kuwekewa tangazo la bakteria. Ukilikuta kwenye ubao, pikiniki iendelee lakini nguo za kuogea zibaki mfukoni. La pili ni ukoga, ule mwani mdogo wa kijani wenye sumu. Mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa ya kijani kama mtu amemwaga rangi, mtoto asiingie, wala asiyanywe. Huko Toledo, magharibi ya ziwa hili hili, mwaka 2014 ukoga huo uliwafanya watu karibu nusu milioni waambiwe wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa. Upande wa mji wa Erie mambo huwa nafuu zaidi, ila macho yawepo.

Nirudi kwa watoto wako. Umeniambia mlipitia Nyarugusu. Niulize: mliishi huko miaka mingapi, na kati ya hao sita ni wangapi waliozaliwa huko? Kambi iko mbali na ziwa. Wewe uliogelea kabla hujajua kusoma. Wao maji waliyoyajua ni ya foleni ya bombani. Wazazi wengi wa Fizi, Uvira na Kigoma niliokutana nao husahau hilo, kwa sababu wao hawakumbuki kufundishwa. Wanaona kuogelea ni kama kutembea, litakuja lenyewe. Haliji. Mtoto wa miaka kumi aliyekulia kambini anajua ziwa kama mtoto wa Denver, mji ulio mbali na ziwa kubwa lolote, anavyolijua, pengine kidogo kuliko huyo. Waandikishe masomo ya kuogelea kipindi cha baridi, bwawani, kwenye maji ya vuguvugu. Vituo vya YMCA huwa na nafuu ya ada kwa familia zenye kipato kidogo. Uliza, usione haya.

Kwa siku ya kwanza, nendeni ufukwe namba 11. Fukwe za pale zina namba, na 11 uko mwisho kabisa wa barabara, upande wa mashariki, nyuma ya ncha ya mchanga inayoukinga na upepo. Maji ni mafupi kwa umbali mrefu na wimbi ni dogo. Fukwe zinazotazama ziwa wazi, kama 6 na 10, ni nzuri kwa vijana na kwa kutazama jua likizama, lakini si za kuanzia.

Kuogelea kunaruhusiwa tu penye waokoaji, wakiwa kazini, na msimu wao ni kati ya sikukuu ya Memorial Day mwishoni mwa Mei na Labor Day mwanzoni mwa Septemba. Wakipuliza filimbi, tokeni majini kwanza, sababu mtaiuliza nchi kavu. Hata hivyo mwokoaji anaangalia watu mia mbili, na mtoto wako ni mmoja. Tena mtu anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama kwenye sinema. Kichwa kinalala nyuma, mdomo unachungulia juu ya maji na kuzama tena, macho yanatazama pasipo kitu, na ndani ya muda mfupi kwisha. Watu watano wamekaa mita tatu kutoka pale, wanacheka. Kwenye safari za kanisa ndipo hili hutokea kwa urahisi, maana kila mtu mzima anadhani mwingine anaangalia. Chagueni kwa majina: fulani na fulani, nusu saa, hawashiki simu, hawageuzi nyama, kisha wapokewe na wengine. Mdogo asiyeogelea awe karibu na mtu mzima kiasi cha kumshika bila kupiga hatua.

Nyama chomeni. Meza na majiko ya mkaa yapo sehemu nyingi, anayewahi ndiye anayepata. Jumamosi ya Julai maana yake ni saa tatu asubuhi, si saa saba mchana. Kuna pia mabanda yenye paa ambayo hukodiwa kwa kuweka nafasi mapema, na kwa kundi la kanisa la watu thelathini ningelipia banda, kwa sababu mvua ya Erie nayo haina adabu. Mkaa mbebe wenyewe. Moto usiwashwe mchangani, na majivu ya moto yasifukiwe: mtoto atakuja kuyakanyaga pekupeku. Kulala hairuhusiwi, jua likizama hifadhi inafungwa, na barabara ya kutokea ni ile ile moja, kwa hiyo msingoje wote dakika ya mwisho. Mboga pori msichume, hata kama mtaona kitu kama matembele. Kuna mtambaazi wenye majani matatu matatu ambao ukigusa tu ngozi inatoka malengelenge wiki nzima. Na mkitoka kwenye njia za msituni kaguaneni kupe, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio, maana kupe wa jimbo hili hueneza ugonjwa wa Lyme. Huyo wa hatari anaweza kuwa mdogo kama mbegu ya ufuta.

Baba yao avue, ila kwa karatasi. Mtu wa miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi ya Pennsylvania, na juu yake kibali cha Ziwa Erie, kinachohitajika hata kwenye ghuba. Vyote huuzwa mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Watoto walio chini ya umri huo hawahitaji. Ziko siku mbili kwa mwaka ambazo kila mtu huvua bila leseni, Jumapili ya wikiendi ya Memorial Day na tarehe 4 Julai. Anaweza kujaribu hapo kwanza. Mshipi tu, nyavu asahau kabisa. Akisikia wenzake wanasifu “perch”, asidhani ni sangara wa Victoria: huyu wa Erie ni wa manjano mwenye mistari, analala kiganjani, lakini akikaangwa ni mtamu, na kwa anayekumbuka migebuka ya Tanganyika atakuwa faraja fulani. Kipimo cha kula cha jimbo zima kwa samaki wa kuvua mwenyewe ni mlo mmoja kwa wiki, kama gramu 225, na kwa baadhi ya aina za samaki wa Ziwa Erie ni pungufu ya hapo, kwa sababu ya zebaki na kemikali za viwanda vya zamani. Kwa mjamzito na watoto wadogo ningekifuata bila mjadala.

Majira ya baridi utaona watu wamekaa juu ya ghuba iliyoganda, kila mmoja na tundu lake na ndoo yake. Wanapapenda hasa Misery Bay, maana yake “Ghuba ya Mateso”. Jina lilitoka kwa mabaharia wa Oliver Hazard Perry, kamanda wa jeshi la maji la Marekani, ambao baada ya kuwashinda Waingereza ziwani Septemba 1813 walirudi hapo, wakapitisha baridi kali, ndui ikawaua wengi. Mume wako akialikwa barafuni, aende na mzoefu, na barafu iwe safi, unene wa sentimita 10 au zaidi, ipimwe kila baada ya hatua chache. Upande wa ziwa wazi ni habari nyingine. Mawimbi hurusha maji yakaganda ufukweni, yakajenga vilima vyeupe vya kupendeza. Watoto watataka kuvipanda na kupiga picha. Ndani yake ni vitupu, na chini kuna maji. Vitazamwe kutoka mchangani.

Kwa siku ambayo hamtaki kuoga, kuna njia ya lami ya kuzunguka rasi, kama kilomita 21, tambarare kabisa, ya baiskeli na ya miguu. Ndege waliorekodiwa hapo wanapita aina 300, na Mei ndio mwezi wao. Lile jengo la mnara wa vioo mlangoni, Tom Ridge Environmental Center, ni bure nalo. Watoto wapande juu walione ziwa lote kabla hawajaligusa.

Limebaki la mchungaji. Kikundi kinachotaka kufanya shughuli rasmi hufadhaisha ofisi kisipotoa taarifa, kwa hiyo apige simu ofisi ya hifadhi wiki kadhaa kabla aeleze idadi ya watu, siku na ufukwe. Abatize saa ambazo waokoaji wapo, maji yakiwa kiunoni, na wawepo watu wawili wenye nguvu upande wa kina. Kanzu ndefu zikilowa ni nzito kuliko mtu anavyofikiri. Na iwe Julai au Agosti. Kama anashikilia Pasaka, mwombe avue viatu, aingie mpaka magotini, asimame dakika moja tu. Nadhani tarehe ataisogeza mwenyewe.